Maneno ya Chumba cha Nyuma

Shati jeupe lilikuwa halijakauka. Kaswera alilishika juu ya makaa, akiligeuza polepole kama mtu anayechoma muhogo, maana mvua ya Butembo ilikuwa haijatulia, na shemasi Lusenge alitaka wenye kushuhudia wavae nyeupe. Mume wake, Éliakim, alikaa kitandani kifua wazi, akiangalia sakafu ya udongo.

"Leo ushuhuda ni hapa kwetu," Kaswera akasema. "Bénite atakuwa anaimba mu korale."

"Najua."

"Utaenda kumuambia Lusenge, ao niende miye?"

Éliakim akalichukua shati, akalivaa lingali bichi. Akaenda Kaswera.

Vyumba vyao viwili vya mbao nyuma ya kanisa, pale mtaani Vulamba, walipewa na kanisa walipokimbia vita na kuacha shamba lao upande wa Beni, wakiwa na godoro, sufuria na binti yao Bénite. Kisha Éliakim akapata kazi ya kumnunulia tajiri mmoja kakao kule Kamango. Akakawia huko, na habari ya mwanamke aliyeishi naye huko ikafika Vulamba kabla yake.

Kanisa lilikuwa na mama Jokébed, aliyesomea kuponya ndoa. Aliwakalisha katika chumba cha nyuma, viti viwili vya plastiki, magoti karibu kugusana. Mmoja aseme, mwingine asimkatize. "Ya humu inabakia humu," aliwaambia. Kaswera akaamini, akatoa yote: alivyonusa mashati ya mumewe moja moja, alivyolala na kikwembe chake cha kitenge kimefungwa fundo kiunoni, mume asimguse, alivyouonea haya mwili wake mwenyewe kama vile ndio uliokosa. Éliakim alilia mpaka kamasi ikamshuka. Kidogo kidogo wakarudia kulala wakielekeana. Hilo lilikuwa kweli, na Kaswera hakulikana.

Lakini shemasi alimuuliza Jokébed matunda ya kazi yake, naye akawataja, mashati na yote. Tangu hapo walizungushwa parokia kwa parokia, kusimama mbele ya watu wasiowajua.

Kaswera alimkuta Lusenge kanisani akijaribu mikrofoni kwa kuipuliza.

"Shemasi, leo utusamehe. Mutoto hajue. Anajua tu papa alikuwa ku kazi."

"Lakini Mama Bénite, kama Mungu aliwaponya, hii haya ya kusema ni ya nini?"

"Ni ya mutoto."

"Kuko bageni banatoka mbali juu ya kuwasikia. Ba mama banalia, ba papa banarudia ku nyumba." Akatabasamu. "Na kuko familia ingine ya Beni inaomba vile vyumba. Miye ndio niko nawatetea. Niwajibu nini?"

Kaswera akamgeukia Jokébed, aliyekuwa akipanga mabenchi.

"Mama, ulisema ya humu inabakia humu."

Jokébed akavuta benchi moja, akalinyoosha na lenzake.

"Nilisema," akajibu. "Na miye pia niko nalala mu nyumba ya kanisa, Kaswera."

Kanisa likajaa. Walipoitwa, Kaswera alisikia wanawake wawili katika benchi la mbele.

"Ndio ule wa mashati."

"Bwana yake iko muzuri, hata miye ningenusa."

Wakacheka ndani ya vikwembe vyao.

Kaswera akashika mikrofoni. "Mungu alitusaidia katika ndoa yetu," akasema. "Ni ile tu."

"Uwaambie ya mashati, mama," Lusenge akamwambia kwa upole.

Akawaambia. Akawaambia ya kikwembe na fundo lake, macho yakiwa juu ya ukuta, upande usio na korale. Éliakim akasema ya kwake, shati likimng'ang'ania mgongoni kwa ubichi. Watu wakapiga vigelegele. Mgeni mmoja akapangusa machozi, na Lusenge alipoyaona hayo machozi akanyoosha mkono kuelekea korale.

"Nyumba ikipona, inapona yote. Bénite, binti yangu, kuya hapa mbele. Umuambie papa umemusamehe."

Msichana akatoka katika mstari. Sketi ya korale ilikuwa imemwishia magotini, na alitembea akiivuta chini kwa mikono miwili. Hakumtazama baba. Hakumtazama mama. Akaweka mdomo kwenye mikrofoni, midomo ikachezacheza.

"Hatusikie," mama mmoja akasema toka nyuma.

Lusenge akainama, akaisogeza mikrofoni mpaka ikagusa meno ya mtoto.

"Sema kwa nguvu, binti yangu. Ba nyuma nabo basikie."