Omu Nane

Dakika kumi kabla ya onyesho, mjomba, kiongozi wa bendi yetu, aliniamuru niunge spika ya pili kwenye amplifaya niliyorithi kwa baba.

"Haiwezekani, mjomba. Amplifaya hii inataka spika yenye ukinzani wa omu nane. Spika mbili za nane ukiziunga sambamba zinakuwa nne, umeme unazidi, na itaungua."

"Fundi wa juzi wewe. Mimi napiga gitaa tangu mama yako hajaolewa."

"Na umeunguza amplifaya ngapi?"

Mpiga dramu alicheka mpaka akaangusha kijiti. Mjomba hakucheka.

"Unga, au toka kwenye bendi."

Nikachomoa waya, nikainyanyua amplifaya ya baba kifuani.

"Spika zote mbili nakuachia, mjomba. Ziunge upendavyo."