Saa Nne ya Kindness

Zahanati zilipokuwa thelathini tu, nilizipangia kompyuta zao zote ziombe maagizo saa nne kamili asubuhi. Seva yetu kuu, hapa ofisini Bagara, huiandalia kila moja mipangilio yake: nani aruhusiwe kufungua nini, ripoti iende wapi. Nilichagua saa nne kwa sababu ndiyo saa yangu ya kwenda kumnyonyesha Kindness kwa mama mkwe, nyumba ya pili kutoka ofisini. Nikirudi, kazi imekwisha. Sikumwambia mtu.

Mwezi huu zahanati zimefika mia nne, hadi za Simanjiro na Kiteto. Jumatatu saa nne seva ikakwama. Jumanne ikakwama tena. Kompyuta zilizokosa jibu ziliuliza upya, zote kwa pamoja, ikazidi kuelemewa. Kaka Severini, mkuu wetu, akaniambia kwa upole kwamba kesho ikikwama, kazi itahamishiwa Arusha; niifuate au niiache. Kindness ana miezi saba.

Mchana nilimkuta mama mkwe anapukuchua maharage, mtoto ubavuni. Walikuwa wameshatoka kupima uzito. Nikamwamkia, nikauliza mbona mapema hivyo. Akasema muuguzi Dorika haiti tena watu wote saa mbili; anaangalia namba ya mwisho ya kadi, kila namba na saa yake.

"Zamani tulibanana mlangoni kama ng'ombe wa mnadani," alisema. "Muuguzi ni yuleyule, mizani ni ileile."

"Kumbe."

"Kumbe nini? Nyonyesha, acha kunikodolea macho."

Nilirudi ofisini karibu nakimbia. Kubadilisha ratiba kulikuwa kazi ndogo. Kubwa ilikuwa kumweleza Kaka Severini kwa nini saa nne. Nilimweleza huku naangalia viatu vyangu. Akanigeukia.

"Kwa hiyo zahanati mia nne za mkoa zinafuata ratiba ya kunyonya ya Kindness?"

Akacheka mpaka akavua miwani. Halafu akavuta kiti, tukafanya kazi mpaka jioni. Kila kompyuta tuliipa dakika yake kwa kufuata namba yake ya usajili, kuanzia asubuhi mpaka magharibi. Itakayokosa jibu isubiri kwanza, isirudi kugonga mlango papo hapo. Ile shule ya jioni ya kompyuta, niliyosoma nikiwa na mimba, ilinisaidia. Kadi ya kliniki ilinisaidia zaidi.

Jumatano, saa nne kasoro dakika moja, nilisimama mbele ya skrini. Saa nne ikafika. Mstari wa mzigo, ambao siku zote hupanda kama mlima Kwaraa, ulibaki chini. Dakika kumi zikapita. Bado uko chini.

"Mama Kindness," Kaka Severini akaita bila kugeuka, "unasubiri nini? Umeshamchelewesha."

Nikatoka. Mama mkwe alikuwa mlangoni na mtoto begani, akauliza kama ile ratiba mpya niliyomsimulia jana imeshika.

"Imeshika, mama. Hatuhami."

Seva sasa ina saa zake nyingi. Saa nne imebaki ya mtu mmoja, na alikuwa ameshaninyooshea mikono.