Bei ya Muuguzi Ardis

Majira yale ya uchaguzi, watu wa Nordahl, Iowa, walikuwa wakimsimamisha Duane Haverkamp kila mahali kumuuliza nani atachukua kiti cha Seneti ya jimbo. Walimshika dukani, walimshika nje ya kanisa, na hata kinyozi alizima mashine yake ili amsikie vizuri. Mkewe Lenore alikuwa akisimama pembeni, mkoba mkononi, akitabasamu. Yeye hakuna aliyemuuliza, ingawa ndiye aliyekuwa profesa wa siasa katika chuo cha pale mjini, na kwa miaka ishirini na sita alikuwa ametabiri kila uchaguzi wa bunge la jimbo.

Chanzo kilikuwa soko la utabiri lililofunguliwa na chuo hicho. Mtu aliingia kwa kompyuta na dola zake chache, akanunua hisa za mgombea. Mgombea akishinda, kila hisa ililipwa dola moja; akishindwa, hisa haikuwa na thamani tena. Kwa hiyo bei yenyewe ndiyo iliyokuwa utabiri. Hisa ikiuzwa senti sitini, maana yake wanunuzi waliona mgombea ana nafasi sitini katika mia. Lenore mwenyewe ndiye aliyemfungulia mumewe akaunti, kwa mzaha tu, kwa sababu Duane alikuwa muuza mbegu za mahindi na siasa alizisikia kwenye nyua za wakulima.

Uchaguzi uliotangulia, Duane alipatia viti vyote vya ukanda wao. Lenore alikosa vitatu. Gazeti lilitoa picha ya Duane na kofia yake ya kampuni ya mbegu, na juu yake maandishi makubwa: “Muuza Mbegu Awapita Maprofesa.” Lenore aliikata picha ile akaibandika kwenye friji, akicheka. Lakini kila alipofungua friji kuchukua maziwa, roho ilimuuma upya.

Safari hii macho yote yalikuwa kwenye kiti cha Nordahl. Ardis Vlcek, muuguzi wa shule, alikuwa akipambana na Roland Teig, mwenye maghala ya nafaka. Jioni moja, zikiwa zimebaki wiki mbili, Duane alikuwa anakata kipande chake cha nyama ya nguruwe, akauliza:

“Profesa, hebu nimegee. Simu zenu zinasemaje kuhusu Ardis?”

Wanafunzi wa Lenore walikuwa wamewapigia watu mia sita. Ardis alikuwa mbele kwa asilimia nne. Matokeo hayo yalikuwa hayajatangazwa.

“Ameachwa,” Lenore alisema. “Tena mbali.”

Duane aliweka uma chini. “Acha wewe! Mbona huko mashambani nasikia mengine?”

“Huko unasikia wanaotaka uwapunguzie bei ya mbegu. Mimi nimeuliza watu mia sita.”

“Haya basi,” alisema Duane. “Wewe ndiye unayejua.”

Maneno hayo yalimwingia Lenore kama asali. Ilikuwa miaka miwili tangu ayasikie kwa mara ya mwisho.

Asubuhi Duane aliuza hisa zake zote za Ardis. Wengine sokoni, waliozoea kumfuata kila alikokwenda, nao wakauza. Bei ikateremka kutoka senti hamsini na nane hadi thelathini na moja kwa siku tatu, na redio ya mji ikawa inaisoma kila asubuhi baada ya habari za hali ya hewa. Lenore alisikiliza akinywa kahawa. Hatimaye Duane atakosea, aliwaza, na mimi nitakuwa nimepatia. Alipika hata keki ya tufaha.

Siku ya nne alikutana na Ardis dukani, mbele ya rafu ya mayai. Macho ya Ardis yalikuwa mekundu.

“Mumeo kaniuza, Lenore,” alisema, akijaribu kucheka. “Simlaumu. Ila waliokuwa wakinipigia kampeni nyumba kwa nyumba hawaji tena. Wanasema Duane hakosei. Na chama kimehamisha hela za matangazo yangu, kimewapa wengine.”

“Bado kuna siku kumi,” Lenore alisema.

“Siku kumi na watu watatu, dada yangu.”

Lenore alirudi nyumbani bila mayai. Alikaa na jambo lile wiki nzima, akiona aibu kulisema na akishindwa kulimeza. Jumamosi alimkuta Duane uani akikusanya majani.

“Nilikudanganya,” alisema. “Ardis anaongoza. Nilikuwa nazo namba pale mezani.”

Duane aliegemea reki yake. “Bei za viatu vyako umenidanganya miaka thelathini na moja, na najua. Lakini namba za kazi yako? Hujawahi.”

“Najua.”

“Sasa kwa nini?”

“Kwa sababu wanakuuliza wewe,” alisema Lenore. “Nimesimama pembeni kama mwavuli wa mtu. Hii ni kazi yangu, Duane! Wewe ulikuwa unacheza tu.”

Duane alilaza reki juu ya majani. “Ungeniambia niache, ningeacha siku hiyohiyo,” alisema. “Nenda redioni. Sema mwenyewe. Mimi sikusemei.”

Alikwenda mchana uleule. Alitangaza namba zake, kisha akasema bei ya soko ilianguka kwa uongo aliompa mumewe. Mtangazaji alisahau hata kuweka muziki. Hadi Jumatatu bei ilikuwa imepanda tena hadi senti hamsini na moja, na mkuu wa chuo alikuwa amemwita Lenore ofisini kumwambia kwamba utabiri ujao utafanywa na mwingine.

Jumanne, siku ya kupiga kura, Ardis alishindwa kwa kura sitini na moja.

Hakuna aliyeweza kusema kama ni zile siku za bei mbaya zilizomwangusha, au angeanguka hata hivyo. Lenore alipiga hesabu hiyo kwa kila njia aliyoijua, na haikumpa jibu.

Jumatano alikwenda kwa Ardis. Alimkuta barabarani aking’oa mabango yake ya kampeni, yaliyosimikwa kwa waya kwenye nyua za watu, na Duane alikuwa pale na lori lake, akiyapanga nyuma. Walikuwa wanacheka kitu fulani wao wawili. Wivu ulimchoma Lenore tena, palepale, hata siku ile, naye akauonea haya.

“Ardis, nimekuja kukuomba radhi.”

Ardis alitupa bango moja kwenye lori. “Sijui kama ninayo ya kukupa leo,” alisema. “Lakini mabango ni mia mbili, na mgongo wangu ni mmoja.”

Lenore aliinama, akashika bango la kwanza kwa mikono mitupu. Ardhi ilikuwa imeganda na bango halikutoka. Duane alivua glavu zake, akamrushia mkewe.

“Vaa,” alisema. “Hizo waya zinakata.”