Maziwa ya Saa Tisa

Saa saba mchana dereva wa basi la shule alivua viatu, akajilaza chali kwenye kochi, tumbo juu kama mtu aliyemeza mto. Alikuwa amekula chakula cha watu wawili na kukishushia bia mbili, eti za kulainisha koo. Hazikupita dakika tano akaanza kukoroma. Kisha pumzi ikamkwama.

Jikoni, maziwa yaliyokuwa yanafura yakasimama ukingoni mwa sufuria. Tone la bomba likaning'inia hewani. Pumzi ya dereva ikisimama, vitu vya mtaa mzima husimama. Watu huendelea na mambo yao. Mkewe akaiweka sufuria kando bila haraka, akarudi kukunja nguo. Alipofika shati la nne, mume akashtuka kwa mkoromo wa kupasua kuta, na tone likadondoka.

Mke alishampeleka zahanati. Muuguzi alimshika shingo, akamchungulia koo.

"Unene wa shingo, pombe, kulala chali, pua kuziba, vyote hukoromesha," alisema. "Lakini huyu pumzi inakatika. Anaamka hajalala. Asiendeshe gari mpaka apimwe."

"Nipimwe usingizi? Mimi kichanga?" dereva alicheka mpaka akakohoa.

Dada yake alipopata habari alikuja mbio kumtetea. "Wifi, acha kumtangaza kaka yangu. Mwanaume akikoroma ujue ameshiba."

"Hata nguruwe hushiba, wifi. Ila hapewi basi la watoto."

Wifi akasusa chai, akaondoka. Dereva akaendelea na kazi.

Jumanne moja, saa tisa na robo, maziwa yalisimama ukingoni na kochi li tupu. Mke aliyatazama. Binti yao wa darasa la pili alikuwa ndani ya lile basi, kiti cha nyuma ya dereva. Mama hakukunja shati hata moja. Baadaye sana maziwa yakamwagika, yakazima moto.

Basi lilifika. Binti akashuka na mkoba wake.

"Baba alisinzia kidogo pale njia panda," alisema. "Lori likatusubiri. Tulikuwa tunaweza kuligusa kwa mkono."

"Mama watoto, mbona nyumba inanuka maziwa?" dereva aliuliza, akipiga miayo.

Mwalimu mkuu alimwandikia barua ya kumpongeza kwa utulivu wake barabarani. Dereva aliibandika ukutani juu ya kochi, akalala chini yake, chali.

Siku hizi ikikaribia saa tisa, kina mama wote wa mtaa hubandika maziwa. Yakimwagika hushukuru, wakafuta jiko. Yakisimama, husimama nayo, midomo wazi. Na wote wanamsema dereva, wanamsema vibaya kweli.

Ufunguo wa basi hukaa msumarini, nyuma ya mlango wa jikoni. Saa nane na nusu mkewe huutungua, humtikisa mume bega mpaka aamke, humkabidhi. Kisha anawasha jiko.