Saa Tisa, Anga Safi

Siku ya tano Kapteni alikuwa bado amekalia kiti cha mpima-hewa. Mwenyewe alisimama mbele ya meza aliyoifuta vumbi kila asubuhi kwa miaka kumi na mmoja, miguu ikimuuma, akiulizwa yale yale.

"Tuanze upya, mama. Uliona nini?"

"Nilichoandika, afande. Kitu cha mviringo, rangi ya bati, kimesimama juu ya mnara wa maji dakika nne. Hakikuwa na mlio. Kisha kikaondoka kasi, kinyume cha upepo."

"Puto hilo."

"Puto haliendi kinyume cha upepo. Na maputo ya hapa nayarusha mimi."

Kapteni alijisugua macho. Naye alikuwa hoi. Wakubwa walikuwa wakimpigia simu tangu alfajiri. Daftari la hali ya hewa lilikuwa wazi mezani. Kurasa zake zimepigwa nambari, hazichanwi. Kosa halifutwi: hukatwa kwa mstari mmoja, lisomeke bado, na sababu ikaambatishwa. Jeshi zima lilikuwa limekwama kwenye maneno machache ya saa tisa alasiri.

"Mumeo naye mbishi. Anasema aliona ulichoona wewe."

Mumewe alikuwa fundi baiskeli. Siku ile alimletea mkewe chakula kazini, akainua macho. Kosa lake ni hilo tu. Sasa alikuwa uani, ndani ya lori la jeshi, na ugonjwa wake wa sukari. Vidonge vyake askari walikataa kuvipokea. Vilikuwa bado kwenye mkoba wa mkewe.

Kapteni akasukuma karatasi iliyokwisha kupigwa chapa. "Shahidi ana macho mabovu. Ukikubali, tunakata maneno yako, mumeo anashuka."

"Mwenye macho mabovu hafanyi kazi hii, afande. Sheria ile pale ukutani."

"Nimeisoma."

Mpima-hewa alimchukia Kapteni kwa moyo wake wote. Nje, ndani ya lori, mtu alikohoa, na kikohozi kile alikijua. Akatoa kalamu.

Kapteni akamzuia mkono. "Asiyeona hasaini, mama." Akamsogezea pedi ya wino. "Dole gumba."

Mumewe alishushwa akishikwa huku na huku. Alimeza vidonge bila kumtazama mkewe. Ndipo kivuli cha mviringo kikapita uani polepole, bila mlio, kinyume cha upepo. Askari wote wakaangalia buti zao. Fundi akafumba macho.

Kapteni alitazama saa yake. "Tisa kamili. Wa kushika nafasi yako anaanza kesho, jaza ya leo."

Akaandika daftarini: *anga safi*. Kisha akanyoosha dole lake jeusi kuelekea kwenye pedi.

Kapteni akatikisa kichwa, akamrudishia kalamu.

"Hapo saini, mama. Hapo umeona vizuri."