Jengo la Ghorofa Tisa

Asiyewahi kutengeneza katuni hudhani kazi ni kumchora mtu. Mtu ni rahisi! Kazi ni ukuta ulio nyuma yake, na kuta zote za studio yetu zilichorwa na dada yangu. Kwa miaka kumi na minne mimi niliwatembeza watu, yeye akawapa pa kutembea.

Kisha televisheni ikafuta saa ya watoto. Watoto wamehamia kwenye simu, tukaambiwa, basi nasi tuhame. Bosi akapata kampuni iliyotaka vipindi vya dakika moja, picha iliyosimama wima. Bosi tukambandika jina Sekunde Tatu, maana hakuchoka kutuonya kwamba mtoto asiponaswa ndani ya sekunde tatu, anatelezesha kidole na kwenda zake.

Nikapewa vipindi vya zamani nivikate vienee kwenye simu. Nikakata kushoto, nikakata kulia, zikabaki sura tupu zikipiga kelele. Dada alisimama nyuma ya kiti changu, akautazama uchochoro aliouchora wiki tatu ukienda na maji.

"Kimebaki nini changu hapo?"

"Kipande cha dirisha."

"Basi na mimi nitabaki kipande."

Alicheka. Mimi sikucheka. Mikataba ya kazi ilikuwa inapitiwa upya mwezi huo, na kila mtu alijua macho yalikuwa kwenye meza ya nani.

Nikawa situlii. Nikikaa, nasimama, nikitoka nje, narudi kabla sijafika mlangoni. Siku ya nne wazo likanijia: simu ni ndefu, basi na mandhari yawe marefu.

"Dada, chora jengo. Ghorofa tisa, ngazi katikati, milango huku na huku. Watu wapande, washuke, wamwagiane maji."

"Nichore ghorofa moja moja, kadiri hadithi inavyokwenda?"

"Hapana, lote kwa mkupuo! Kila ghorofa na rangi yake, tuweze kusimamisha picha popote."

"Una haraka kama uliyeacha chungu jikoni," alisema, lakini kalamu ilikuwa tayari mkononi.

Alichora siku kumi. Kulikuwa na viatu vya mtoto mlangoni, baiskeli iliyofungwa kwenye reli ya ngazi, shuka zilizoanikwa, ufa ukutani uliozibwa vibaya. Sijawahi kumwonea mtu fahari namna ile.

Mama mmoja, mkuu wa ile kampuni ya vipindi vya simu, alitokea kwenye skrini kubwa ya chumba cha mikutano, akaangalia jaribio letu mara mbili.

"Hili ndilo! Tunasaini vipindi mia moja. Na vyote viwe humu humu ndani ya jengo, maana kila kitu kimeshachorwa."

Chumba kikalipuka kwa makofi. Nami nikapiga, tena kwa nguvu, mpaka nilipogeuka nikaona Dada hapigi.

"Wewe tutazungumza mchana," Sekunde Tatu alimwambia, macho kwenye karatasi zake.

Nilitamani ardhi inimeze. Ni mimi niliyesema lote kwa mkupuo.

"Dada, mimi nilitaka—"

"Najua ulichotaka, mdogo wangu." Tulikuwa tumerudi mezani kwangu, naye ameinamia kompyuta yangu. "Ghorofa ya saba, mlango wa kulia, nimesahau kitasa."

Nikamnong'oneza auache hivyo hivyo, angalau wawe na sababu ya kumwita tena.

Akavuta kiti, akachora kitasa.