Grili ya Shangazi

Grenda ilinguruma, ikakohoa, ikanyamaza.

"Imekatika?" shangazi aliuliza kutoka ndani.

"Umekatika umeme, shangazi," fundi alijibu.

Fundi wa kuchomelea alikuwa amesimama juu ya ukuta wa ua, usawa wa dirisha. Chini yake maji ya mto yalipita na ndala za watu, ndoo, na mlango wa banda la kuku. Mlango wa nyumba alishausukuma na kuuvuta mpaka bega likamuuma. Hufungukia nje, na maji yalikuwa yameuegemea. Ndani, shangazi alikuwa amesimama juu ya kitanda, na kitanda chenyewe kilikuwa kimeshalowa.

Fundi alichukua msumeno wa chuma, akaanza kukata nondo za dirisha kwa mkono.

Mtaa ule haukuwa mgeni kwa mto. Shangazi alipokuwa binti, maji yalipanda hivihivi, mama yake akamsukuma nje kupitia dirisha hilihili, binti akakaa juu ya paa mpaka mto uliporudi kwake. Hadithi hiyo aliisimulia mpaka watoto wakawa wanammalizia. Kisha miaka ikapita, mto ukatulia, wezi wakaja, na watu wakaogopa kilicho karibu. Shangazi mwenyewe ndiye aliyetaka grili ya nondo nene. Na fundi, kwa kupenda sifa, akaongeza za kulala, akachomelea kila pembe mara mbili, akatamba kuwa mwizi hata aje na mtaimbo ataomba maji ya kunywa. Majirani wakaja kuitazama, kila mmoja akaagiza kama hiyo. Wanasema akili ni nywele. Mwaka ule mtaa mzima ulikuwa na kipara.

"Ulisema hii hata tembo hapiti," shangazi alisema.

"Nilisema."

"Basi ulisema kweli. Kata."

Nondo ya kwanza iliachia. Ya pili ilimvunjia wembe wa msumeno. Alipachika mwingine, huku maji ndani yakipanda kutoka magotini mwa shangazi hadi mapajani. Alikuwa ameacha utani. Alishika nondo kwa mikono miwili, karibu na mkono wa fundi.

"Mwanangu, usiniache humu."

"Siondoki, shangazi. Sogeza mkono."

Ya pili ilipokatika, aliikunja kwa uzito wa mwili wake wote. Shangazi alitoa kichwa, bega moja, kisha akakwama nyonga. Fundi alimvuta kwapani bila adabu yoyote, gauni likachanika, wakaangukiana juu ya ukuta kama magunia. Akampandisha kwenye paa la kibaraza. Shangazi alilia kidogo, kisha akajifuta uso kwa mtandio.

Mvua ilikuwa imepungua, na mtaa ulionekana mpaka kwenye kona. Fundi alitazama madirisha. Yote yalikuwa na nondo za kulala, yote yamechomelewa pembe mara mbili, kazi safi. Katika la tatu, mkono ulikuwa umetoka nje, ukipunga kitambaa cheupe.

Shangazi naye aliuona.

"Nenda," alisema. "Mimi paa nalijua."

Fundi alipapasa mfukoni. Ulikuwa umebaki wembe mmoja. Akaubana kwa meno, akashuka majini.